Mpira Ungali Angani

Msomaji, ukitoka mjini Kisumu kwa barabara ya Kakamega, hukawii kufika Mamboleo, mahali ambapo barabara ya Miwani huchepuka kuelekea mashamba ya miwa. Zamani mahali hapa palijulikana zaidi kwa uwanja wa maonyesho ya ukulima. Tangu tarehe 1 Juni 2021, Siku ya Madaraka ilipoadhimishwa hapo, panajulikana pia kwa kiwanja kikubwa cha michezo kilichopewa jina la Jomo Kenyatta. Lakini sikukusudia kukupeleka katika kiwanja kile kikubwa. Nataka tusimame pamoja kando ya kiwanja chochote cha shule katika mtaa ule, wakati wa alasiri, upepo wa ziwa unapovuma kuelekea nchi kavu, na wasichana wanacheza raunda.

Mpigaji ameinua gongo lake. Mlio umesikika, na mpira umeruka juu kupita vichwa vya wote. Msichana mmoja aliyesimama mbali ameanza kukimbia. Hakupimiwa mwendo wa mpira, wala hakuelezwa utafika juu kiasi gani, wala hakuwekewa alama chini ya kumwonyesha utakapoangukia. Hata hivyo, baada ya sekunde 4 au 5, mikono yake na mpira vimekutana mahali ambapo mwanzoni hapakuwa na mkono wala mpira. Wenzake wanashangilia, mpigaji anatoka, na mchezo unaendelea. Alijuaje pa kwenda?

Swali hili laonekana dogo kama mpira wenyewe. Lakini limewashughulisha wataalamu wa nchi nyingi, na jibu lake limewarudisha walimu kadha wa kadha katika viti vya wanafunzi. Mimi ni mmoja wao, na nitakueleza jinsi ilivyokuwa. Kwanza yafaa tujue jambo hili limetoka wapi.

Mwaka 1744, huko Uingereza, ziliandikwa sheria za kriketi ambazo ndizo za kale zaidi zinazojulikana. Mwaka huo huo muuza vitabu mmoja wa London, John Newbery, alitoa kitabu kidogo cha watoto ambamo jina la besiboli limetajwa. Raunda ni ndugu wa michezo hiyo. Yote yana shina moja: mmoja hutupa, mmoja hupiga, na wengine hutawanyika kuutafuta mpira. Yote pia yana sheria moja inayofanana, kwamba mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, aliyeupiga ametoka.

Lakini sheria hiyo haikuwa na nguvu sawa kila mahali. Wachezaji wa chama cha Knickerbocker cha New York walipoandika kanuni zao za besiboli mwaka 1845, walikubali kwamba mpira uliodakwa baada ya kudunda mara moja nao ungemtoa mpigaji. Basi mchezaji wa mbali aliweza kungoja. Hakuwa na haja ya kuhangaika na mpira ungali angani. Aliuacha uanguke, ukadunda, akauchukua. Wapo waliosema kwamba desturi hiyo iliwafanya watu kuwa wavivu, na wapo waliojibu kwamba kudaka mpira mgumu kwa mikono mitupu kungewavunja vidole. Mabishano yalidumu miaka mingi. Mwishowe, mwezi wa Desemba 1864, mkutano wa vyama vya besiboli vya Marekani uliamua kwamba mpira uliopigwa ndani ya mipaka sharti udakwe kabla ya kudunda, na kanuni hiyo ikaanza kutumika mwaka 1865. Tangu wakati ule kungoja kukawa hasara, na kukimbia huku ukitazama juu kukawa elimu.

Mwaka 1887, mjini Chicago, vijana waliokuwa wakingoja matokeo ya mchezo wa mpira katika klabu yao walianza kupiga glavu ya ngumi kwa fimbo ndani ya nyumba. Mmoja wao, George Hancock, aliifanya mzaha ule kuwa mchezo wenye sheria, nao ndio uliokuja kuitwa softiboli katika miaka ya 1920. Mpira wake ni mkubwa kuliko wa besiboli, na kiwanja chake ni kidogo. Wanawake waliupenda upesi. Mashindano yao ya kwanza ya dunia yalifanywa mwaka 1965 mjini Melbourne, na Australia ikashinda.

Ufuoni mwa ziwa letu, Wajaluo walikuwa na mchezo wao wa adhula, wa kupiga mpira kwa fimbo zilizopinda kichwa. Lakini huo ni mpira wa kukimbizwa chini zaidi kuliko wa kurushwa juu. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati ule, ndipo mambo mengine yalipofuata. Wafanya kazi wapatao 32,000 walikuwa wameletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli ile. Wengi walirudi kwao, baadhi walifia njiani, na wengine wakabaki, wakawa mafundi na wafanya biashara katika miji kama Kisumu. Wahindi na Waingereza wote walipenda kriketi. Raunda nayo ikaja kwa njia ya shule, ikakaa, na leo mtoto wa Nyanza huicheza bila kufikiri kwamba ilipata kuwa ngeni.

Katika michezo hii yote, hakuna jambo linalopendeza macho ya watazamaji kuliko mtu anayekimbia mbio na kuudaka mpira mwishoni mwa mbio zake. Nitakutajia mifano miwili tu.

Tarehe 29 Septemba 1954, mjini New York, timu ya Giants ilikuwa ikicheza na timu ya Cleveland katika mchezo wa kwanza wa fainali ya besiboli. Kila upande ulikuwa na alama 2, na wakimbiaji wawili wa Cleveland walikuwa tayari vituoni. Vic Wertz akaupiga mpira ukaenda zaidi ya futi 400. Willie Mays, kijana mweusi kutoka Alabama aliyekuwa amecheza kwanza katika ligi za watu weusi, aligeuka, akaupa mpira mgongo, akakimbia kuelekea ukuta. Mwishoni aliuangalia juu ya bega lake, akaudaka, akazunguka na kuurusha ndani kabla ya kuanguka. Giants walishinda mchezo ule kwa 5 kwa 2.

Tarehe 25 Juni 1983, katika kiwanja cha Lord's huko London, India ilikuwa imepata mbio 183 tu katika fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, na Viv Richards wa West Indies alikuwa akipiga kama mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani. Akaupiga juu mpira uliotupwa na Madan Lal. Kapil Dev, nahodha wa India, alikimbia kurudi nyuma huku mpira ukimpita begani, asiuachie macho, akaudaka. Richards alitoka na mbio zake 33, West Indies wakaishia 140, na kombe likaenda India.

Watu waliotazama mambo kama haya walisema, “Hicho ni kipaji cha Mungu.” Sikatai kwamba vipaji vipo. Lakini neno hili la kipaji lina hatari yake kwa mwalimu, kwa maana humpa ruhusa ya kutofundisha. Na mwalimu asiyefundisha ana nafuu mbele ya yule afundishaye kinyume. Hapa sina budi kuitaja habari yangu mwenyewe.

Nilipotoka chuo cha ualimu, nilipelekwa katika shule moja ya upande huu wa ziwa, nami nikapewa timu ya raunda ya wasichana. Sikuwa mdakaji hodari, lakini nilikuwa na maneno. Niliwaambia wasichana wangu: “Mpira ukipigwa, simama. Tazama. Kadiria utakapoangukia. Kisha nenda ukaungoje.” Niliona kwamba fundisho hili ni la akili, kwa kuwa mtu mwenye akili hufikiri kabla ya kutenda.

Alikuwako msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye hakulifuata. Mlio wa gongo ukisikika tu, alikwisha ondoka. Tena hakukimbia kwa mstari ulionyoka. Mara aliongeza mwendo, mara alipunguza, mara alipinda kidogo, kama mtu asiyejua aendako. Siku moja nikamwita mbele ya wenzake nikamwuliza, “Wakimbilia nini, nawe hujui mpira utaangukia wapi?” Akanijibu kwa adabu, mikono nyuma, “Mwalimu, nikisimama sijui. Nikikimbia najua.”

Wenzake walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Kwa kuwa hakubadilika, nikamtoa katika timu, nikampa daftari la kuandika alama. Nilipomrudisha baada ya majuma machache alikuwa mtiifu sana. Alisimama, akatazama, akakadiria, na mipira ikaanguka mbele yake. Muhula ulipokwisha hakuja tena kiwanjani, wala mimi sikumwuliza sababu.

Miaka ilipita ndipo nikakutana na jibu lake katika maandishi ya wataalamu.

Mwaka 1968 mtaalamu wa fizikia wa Marekani, Seville Chapman, aliandika makala juu ya kudaka mpira wa besiboli. Nitakueleza fikira yake bila hesabu. Fikiri kwamba mbele ya uso wako umesimamishwa mlingoti mrefu mwembamba, wenye alama zilizopangwa sawasawa kama za rula, na kwamba mlingoti huo huenda pamoja nawe uendapo. Mpira umepigwa kuja upande wako. Kwa macho yako utauona kama unapanda mlingoti ule. Ikiwa utaangukia mbele yako, kupanda kwake kutapungua kasi, kisha utaanza kushuka. Ikiwa utapita juu ya kichwa chako, kupanda kwake kutazidi kasi. Ikiwa utakujia pale pale ulipo, utapanda alama baada ya alama kwa mwendo ulio sawa mpaka ukufikie.

Basi kazi ya mdakaji ni kukimbia kwa namna ya kuufanya mpira upande machoni pake kwa mwendo ulio sawa. Ukiuona unalegea, kimbia mbele. Ukiuona unaharakisha, rudi nyuma. Ukiwa sawa, endelea kama unavyokwenda. Hahitaji kujua umepigwa kwa nguvu gani, wala utaangukia wapi. Hesabu ya Chapman haikuutia hewa maanani, na hewa huupunguza mpira mwendo, na upepo wa ziwa huusukuma kando. Lakini anayeufuata mpira kwa macho na miguu hujisahihisha kila nukta, hali anayekadiria mara moja na kwenda kungoja hana nafasi ya kujisahihisha.

Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Uingereza, Peter McLeod na Zoltan Dienes, waliwapiga picha wadakaji wakiwa kazini, wakaona kwamba ndivyo wanavyokimbia. Hawaendi mbio mpaka mahali fulani wakasimama kungoja. Hufika pamoja na mpira, mara nyingi miguu yao ingali inakwenda. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walichunguza mipira iendayo upande wa kushoto au kulia, wakasema kwamba mdakaji hukimbia kwa namna ya kuufanya mpira uonekane ukifuata mstari ulionyoka angani. Wataalamu hawajaafikiana katika yote, na kanuni moja haimalizi mambo. Kumbuka kwamba Mays aliupa mpira mgongo. Lakini katika hili wanakaribiana: mdakaji huongozwa na macho yake wakati akienda.

Mwaka 1996 uchunguzi uliofanywa Uholanzi ulionyesha kwamba watu waliokuwa wamesimama walikosea zaidi kupambanua kama mpira ungedakika, kuliko walioruhusiwa kuanza kukimbia. Soma tena sentensi hiyo, msomaji. “Nikisimama sijui. Nikikimbia najua.” Msichana wa kidato cha pili alikuwa ameyasema kwa maneno manne.

Uko uchunguzi mwingine ulionichoma zaidi. Mwaka 2010 McLeod, Dienes na mwenzao walitoa habari za watu wanaojua kudaka, walioulizwa macho yao hufanya nini mpira ukiwa angani. Wengi walijibu kwamba macho hupanda pamoja na mpira kisha hushuka pamoja nao. Sivyo. Mdakaji aliye katika njia iliyo sawa huendelea kuinua macho mpaka karibu na mwisho. Walitenda sawa na kueleza makosa. Mikono na miguu yao ilijua jambo ambalo ndimi zao hazikulijua. Basi mtu aweza kuwa bingwa na fundisho lake likawa la kupotosha. Na mwingine, kama mimi, aweza kuwa si bingwa na fundisho lake likapotosha vile vile. Njia ya salama kwa mwalimu ni kumtazama mwanafunzi afanyaye vizuri kabla ya kumsahihisha.

Elimu hii si ngeni kwa watu wa ziwani. Kila nahodha hufundishwa kwamba akiona chombo kingine kinakaribia, na upande anaokionea haubadiliki, basi vyombo hivyo vitagongana asipogeuza usukani. Nahodha huitumia kanuni hiyo ili kuepuka kukutana; mdakaji hutafuta kukutana. Tazama pia kereng'ende wakati wa jioni, vijidudu vinapopanda juu ya maji kama moshi. Wataalamu wameona kwamba kereng'ende hafuati nyuma ya windo lake. Huruka kuelekea mbele, mahali watakapokutana. Naye hakupita chuo chochote.

Wala usidhani kwamba kudaka huku ni mali ya ng'ambo. Upande wa pili wa ziwa, nchini Uganda, uko mji wa Lugazi, mji wa sukari kama Miwani na Chemelil zilivyo za sukari kwetu. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilipata haki ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, lakini wakanyimwa viza kwa sababu hati zao zilitiliwa shaka. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walikwenda, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo, na waliishinda timu moja ya Oregon kwa 3 kwa 2. Mpira wa juu hauulizi mtu amezaliwa wapi. Maofisa wa viza ndio wanaouliza.

Sasa, ikiwa wewe ni mchezaji, au umepewa wadogo zako uwafundishe, haya ndiyo ninayowafundisha wangu siku hizi. Anza na mpira mwepesi, urushwe kwa mkono, usipigwe kwa gongo. Mrushie mwanafunzi mpira mahali ambapo sharti akimbie hatua chache, wala usimrushie mikononi, kwa sababu anayezoea kudaka akiwa amesimama amejifunza mchezo mwingine. Mwache aondoke mapema. Akikosea hatua ya kwanza, hatua ya pili itamrekebisha. Akimbie kwa nyayo za mbele, kwani kisigino kikipiga chini kwa nguvu kichwa hutikisika, na mpira huonekana kama unarukaruka. Mpira ukipita juu yake, asirudi kinyumenyume. Ageuze kiuno na bega, akimbie kama wakimbiavyo watu, huku akiutazama juu ya bega. Asinyoshe mikono mbele tangu mwanzo, maana mikono iliyonyoshwa hupunguza mbio. Ainyoshe mwishoni, yote miwili, na mpira ukigusa viganja avirudishe nyuma kidogo pamoja nao, kama mtu apokeaye yai. Jua likiwa machoni, alikinge kwa kiganja. Wakikimbia wawili, mmoja aite kwa sauti, “Wangu!” na mwenzake ampishe.

Baada ya hayo, ongeza umbali kidogo kidogo, kisha leta gongo. Mwanafunzi akidaka vizuri kwa namna usiyoijua, funga mdomo kwanza, umtazame mara kumi.

Sijui yule msichana yuko wapi leo. Kama yu hai na ana watoto, natumaini hakuwaambia kwamba mama yao hakujua kudaka. Daftari lile la alama bado ninalo, na mwandiko wake ni safi; ameandika humo kila mpira uliodakwa na kila mpira ulioanguka chini, wa timu niliyomtoa. Nimeyahesabu mara moja. Yaliyoanguka ni mengi.

Basi, msomaji, kesho alasiri upepo utakapogeuka kutoka ziwani, nenda kiwanjani pamoja na rafiki mmoja na mpira mmoja. Mwambie arushe juu na mbali. Usisimame kukadiria.